Rubani Asiye na Kitenzi

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitunga utenzi wa rubani, na kwa sehemu kubwa ya muda huo nilidhani kwamba namjua niliyekuwa nikimtungia.

Neno lenyewe ndilo lililonivuta kwanza. Watu wa pwani walikuwa na rubani kabla chombo chochote hakijapaa angani. Alikuwa yule mjuzi wa miamba na mikondo anayepanda chomboni na kukiongoza hadi kitie nanga salama. Tulilipata neno hilo kwa Waarabu, na hata leo ukienda bandarini utaambiwa kwamba meli kubwa haiingii mpaka rubani apande. Ndege zilipokuja tukampeleka rubani huyohuyo angani bila kumbadilisha jina, kama tulivyompokonya ndege wa mtini jina lake tukalipa mashine, tukaacha upatanisho peke yake utuambie ni ndege yupi au ni ndege ipi. Tunayo pia manowari, neno la Waingereza tulilolifinyanga hadi likasahau kwao. Basi nilipoanza kusoma habari za marubani wa kivita wanaoruka kutoka sitaha ya manowari na kurudi kutua juu yake katikati ya bahari, niliona Kiswahili kimekwisha kuwatandikia mkeka. Hawa ni marubani kwa maana zote mbili.

Sikuanza na mtu niliyemaliza naye. Wa kwanza alikuwa Edward O'Hare wa Jeshi la Majini la Marekani. Tarehe 20 Februari 1942, upande wa Rabaul katika Bahari ya Pasifiki, manowari Lexington ilijiwa na ndege za Kijapani za kudondosha mabomu. Waliokuwa karibu kuzikabili walikuwa O'Hare na mwenzake mmoja, na bunduki za mwenzake zikakwama. O'Hare aliingia peke yake. Alihesabiwa kuangusha ndege tano katika dakika chache, akapewa Nishani ya Heshima, iliyo kubwa kuliko zote nchini mwake. Mwaka uliofuata alipotea vitani usiku, na leo mamilioni ya wasafiri hupita Chicago katika kiwanja cha ndege chenye jina lake bila kujiuliza lilikuwa la nani.

Mtu kama O'Hare anaingia katika utenzi bila kuinama mlangoni. Tenzi zetu za vita zinamjua tangu zamani: shujaa mmoja, maadui wengi, na hesabu ya walioanguka. Niliandika beti arobaini kwa majuma mawili. Nilipozisoma kwa sauti nikaona kwamba ningeweza kuibadilisha ndege kuwa farasi na risasi kuwa upanga, na hakuna ambaye angetambua. Kosa halikuwa la O'Hare. Nilikuwa nimemvika kanzu iliyoshonwa kwa mtu mwingine miaka mia mbili iliyopita. Nikazifunga zile beti katika bahasha.

Baadaye nikaitazama filamu ya mwaka 2022 iitwayo Devotion, nikatoka humo kwenda kusoma habari zenyewe. Hapo ndipo nilipokutana na Thomas Hudner, rubani wa kivita aliyepewa nishani ileile kwa siku ambayo hakuangusha ndege hata moja isipokuwa ya kwake.

Vita vilikuwa vya Korea. Mwishoni mwa mwaka 1950 majeshi ya China yalikuwa yameingia kwa wingi kuisaidia Korea Kaskazini, na maelfu ya askari wa Umoja wa Mataifa, wengi wao Wamarekani, walizingirwa milimani kandokando ya bwawa ambalo Wamarekani waliliita Chosin. Wapenzi wa lugha watanisamehe nikisimama hapa kidogo. Wakorea wenyewe waliliita Changjin. Ramani walizokuwa nazo Wamarekani zilichorwa na Wajapani, waliokuwa wameitawala Korea, na matamshi ya Kijapani yakaingia katika historia ya watu wasiokuwa Wajapani. Askari waliganda na kufa mahali walipopaita kwa lugha ambayo haikuwa yao wala ya wenyeji.

Baharini, manowari Leyte ilikuwa ikirusha ndege kila siku kwenda kuwafunika waliozingirwa. Tarehe 4 Desemba 1950, alasiri, ndege sita aina ya Corsair ziliondoka sitahani. Corsair ni ndege ya injini moja yenye rafadha, mabawa yaliyopinda mfano wa mabawa ya shakwe, na pua ndefu mno. Urefu huo wa pua humfanya rubani asione mbele vizuri anapotua. Hapo inambidi amwamini mtu anayesimama ukingoni mwa sitaha akimpungia ishara kwa mikono miwili, ajishushe kwenye ubao unaopanda na kushuka kwa mawimbi, na kuomba ndoano ya mkiani inase waya. Rubani anayelizoea jambo hilo ameshafanya nusu ya ushujaa kabla hajaonana na adui.

Katika ndege hizo sita, Hudner aliruka akimfuata na kumlinda Jesse Brown. Hudner alikuwa na cheo cha juu kuliko Brown, lakini Brown alikuwa na uzoefu zaidi wa kuruka, na angani uzoefu ndio uliotangulia. Hudner alikuwa mzungu, mwana wa mwenye maduka ya vyakula huko Fall River, Massachusetts, aliyesoma shule za watu wenye nafasi. Brown alikuwa Mmarekani mweusi kutoka Hattiesburg, Mississippi, mwana wa wakulima waliolima ardhi ya wengine na kugawana mavuno na mwenye shamba. Huko kwao Mississippi sheria isingewaruhusu kukaa benchi moja.

Risasi ya mtu wa ardhini iliipata ndege ya Brown. Mwenzao mmoja aliona inavuja, akamwambia kwa redio. Nguvu ya injini ikaisha, na Brown akaishusha ndege kwenye uwazi mdogo wa theluji mlimani, nyuma ya mistari ya Wachina. Ilipogonga ardhi ilipinda pale chumba cha rubani kilipo, chuma kikamkamata mguu. Waliokuwa juu walidhani amekufa. Kisha kifuniko cha kioo kikafunguka, wakamwona akipunga mkono. Lakini hakutoka, na puani mwa ndege moshi ulikuwa ukifuka.

Hudner alizunguka, akatazama, akaamua. Alifunga magurudumu, akaitupa ndege yake nzima kwa makusudi juu ya theluji karibu na ile ya Brown. Alijua kwamba kwa tendo hilo angeweza kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Aliumia mgongo, akatoka, akakimbia. Ilikuwa baridi ya kuua, na Brown alikuwa amekwisha kuvua kofia ya chuma na glavu katika kuhangaika kujinasua. Hudner alimvika kofia ya sufu aliyokuwa nayo, akamfunga skafu mikononi, akaanza kuchota theluji kwa mikono na kuishindilia kwenye injini ili moto usiwake. Kila alipojaribu kupanda kwenye bawa ili amvute, buti ziliteleza. Akarudi ndegeni mwake, akaomba kwa redio helikopta ije na shoka na mtungi wa kuzimia moto.

Helikopta ilikuja na rubani wake, Charles Ward. Mtungi haukufaa kitu. Shoka liligonga chuma na kurudi. Wakaongea habari ya kuukata mguu kwa kisu, na hata hilo halikuwezekana. Brown alikuwa akipoteza fahamu na kuzirejesha. Jua likateremka, na helikopta ile isingeweza kuruka milimani usiku. Ward akamwambia Hudner achague: kuondoka, au kubaki na kuganda. Hudner alimwambia Brown kwamba wanakwenda kutafuta vifaa na watarudi. Hakuwa na hakika kama Brown alimsikia.

Beti zangu nilizoziandika kuhusu saa hiyo ni hizi, na sikuona haya kuzionyesha:

Kaona moshi angani,
Ndugu yumo mtegoni,
Kashukia kilimani,
Chombo akakivunjia.

Theluji aliishika,
Motoni akaiweka,
Moshi haukukatika,
Mikono ikamfia.

Shoka likagota chuma,
Likarudi nyuma nyuma,
Jua nalo likazama,
Giza likawafikia.

Nilikuwa na beti sabini za namna hiyo. Nikazipeleka kwa mwalimu wangu wa ushairi, mzee ambaye wengi katika ukumbi huu mngemtambua kwa kikohozi chake tu, ndiyo maana simtaji. Maalim ana desturi ya kusoma utenzi akiwa na penseli na kuhesabu mizani kwa kugonga meza kwa kidole. Safari hii aligonga mpaka ubeti wa mwisho bila kusimama, nikafurahi. Kisha akarudi mwanzo, akaanza kutia vimistari chini ya herufi fulani.

"Mwanangu, unasema huu ni utenzi wa mashujaa wawili?"

"Naam, Maalim."

"Mimi naona mmoja. Tazama." Akanigeuzia karatasi. Alikuwa amepiga mstari chini ya kila kiambishi cha mtendwa. Akamwona. Akamfuata. Akamvika. Akamfunga. Akamlilia. Akamwacha. "Huyu mwingine ni yambwa tangu mwanzo hadi mwisho. Kwenye beti sabini hana kitenzi hata kimoja. Mzigo nao hubebwa hivyohivyo. Hebu nenda ukanitafutie kitenzi chake."

Nilitaka kubisha. Nilitaka kusema kwamba mtu aliyebanwa na chuma hawezi kutenda mengi, na kwamba habari yenyewe ndivyo ilivyo. Lakini nilikuwa nimeona jambo ambalo lilinifedhehesha zaidi ya kukosa mizani. Nilikuwa nimemchukua mtu mweusi aliyetangulia mbele katika msafara ule wa ndege, nikampa kazi ya kulala na kuokolewa. Filamu ilikuwa na haki naye kuliko mimi, maana angalau iliwaweka wote wawili mbele ya macho yetu. Mimi, ninayeandika kwa lugha yenye viambishi vinavyotaja bayana nani ametenda na nani ametendwa, ndiye niliyemnyang'anya.

Nikarudi kusoma, safari hii nikitafuta vitenzi.

Vilikuwepo tele. Alizaliwa mwaka 1926. Akiwa mvulana aliandika barua hadi kwa Rais Roosevelt akilalamika kwamba watu weusi hawaruhusiwi kuwa marubani wa jeshi. Alikwenda Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, na usiku akapakia mizigo kwenye mabehewa ya reli ili ajilipie masomo. Aliomba kuingia katika mafunzo ya urubani ya jeshi la majini, akastahimili waliomtakia ashindwe, akafunga ndoa na Daisy kwa siri kwa sababu wanafunzi wa urubani walikatazwa kuoa. Oktoba 1948, miezi michache baada ya Rais Truman kuamuru ubaguzi ukome katika majeshi, alivikwa mabawa ya urubani, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuhitimu mpango ule. Alitua juu ya sitaha zinazoyumba mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Aliongoza.

Kuna kisa kimoja ambacho Hudner mwenyewe alikisimulia. Walipokutana mara ya kwanza katika chumba cha kubadilishia mavazi kambini, Brown aliinamisha kichwa tu kwa salamu, wala hakunyoosha mkono. Alikuwa akimkinga mzungu asiyemjua na aibu ya kuchagua kuupokea au kuukataa mbele ya wenzake. Hudner alivuka chumba, akanyoosha wa kwake. Nilipokisoma mara ya kwanza nilisifu mkono wa Hudner. Baada ya penseli ya Maalim nikaanza kuufikiria mkono ule mwingine, uliozuiliwa. Kuzuia nako ni kitenzi. Sijui ni mara ngapi mtu huzuia mkono wake mpaka ukazoea.

Mkono huohuo ndio uliopunga mlimani. Sielewi ilikuwaje nikaliandika tendo hilo kwa kusema kwamba Hudner "alimwona". Brown alifungua kifuniko. Brown alipunga. Asingelifanya hivyo, wenzake wangeliendelea kudhani amekufa, wangeliondoka na mafuta yao, na pasingelikuwepo na ndege ya pili kwenye theluji, wala nishani, wala filamu, wala utenzi. Tendo lililoanzisha mengine yote lilikuwa lake.

Na kuna utulivu. Hudner alieleza kwamba yule aliyebanwa, anayeganda, mwenye moshi mbele ya uso wake, ndiye aliyekuwa mtulivu kumzidi. Brown alijua haraka kuliko wengine kwamba hatoki. Alimwagiza Hudner amwambie Daisy kwamba anampenda. Nimelitafsiri agizo hilo mara nyingi, na kila mara Kiswahili hunilazimisha kufanya jambo moja: "Mwambie Daisy ninampenda." Hapo, katika sentensi yake ya mwisho, Jesse Brown ni nafsi ya kwanza. Anaamuru, na anapenda. Usiku uliotangulia alikuwa amemwandikia Daisy barua kutoka manowarini, ambayo ilikuwa ya mwisho.

Siku chache baada ya pale ndege za kikosi chao zilirudi mlimani. Hapakuwa na njia ya kuuchukua mwili kwa usalama, basi waliyachoma mabaki ya ndege kwa mabomu ya napalm ili mwenzao asiachwe mikononi mwa adui. Sala ya Bwana ilisomwa kwa redio. Aliacha mjane wa miaka ishirini na kitu na binti mdogo, Pamela.

Wahenga wamesema kwa shujaa huenda kilio, kwa mwoga huenda kicheko. Methali hii hutumiwa zaidi kumsuta mwoga, au kumtetea aliyekimbia, kutegemea ni nani anayeisema na chai imefika wapi. Mimi niliigeuza nikaipima kama ramani: kilio kilikwenda kwa nani? Hakikwenda Fall River. Huko walifurahi kurudishiwa mwana wao. Kilikwenda Hattiesburg, kwa Daisy. Kwa kipimo cha wahenga, basi, mlango wa shujaa ulikuwa ule. Hudner alipopokea nishani Ikulu ya Marekani, tarehe 13 Aprili 1951, Daisy alikuwepo, amesimama pembeni akiangalia Truman akimvisha mtu mwingine. Brown alipewa nishani pia baada ya kufa, za daraja la chini yake. Sidai kwamba Hudner hakustahili. Nasema tu kwamba methali yetu ingeitazama nyumba nyingine.

Ninamkumbuka pia Fumo Liyongo, aliyechomwa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni, akaenda kupiga goti kisimani na mshale upindeni, akafa hivyo. Watu wa mji walikaa siku nyingi wakimtazama kwa mbali, hawana maji, hawathubutu kusogea, maana walimdhani yu hai. Kwa Brown ilikuwa kinyume: walimtazama kwa mbali wakimdhani amekufa, kumbe yu hai. Wote wawili walifia ndani ya zana zao. Liyongo, hata alipokuwa maiti, tuliendelea kumpa vitenzi: alipiga goti, alivuta upinde, aliwatisha. Hatukumfanya yambwa.

Maalim alipoiona rasimu ya pili alisema, kuhusu Hudner, "Huyu si wa kuitwa shujaa. Huyu ni mwungwana." Nilielewa alichokusudia. Shujaa wa tenzi huenda vitani kuua au kufa, naye huyu alikwenda kukaa na mtu. Alishindwa alichokwendea, akaahidi kurudi, na mwezi Julai 2013, akiwa na umri wa miaka 88, alifunga safari hadi Pyongyang kuwaomba Wakorea Kaskazini waruhusu mifupa ya Brown itafutwe. Mvua za msimu zilikuwa zimeharibu barabara, wakamwambia arudi mwezi wa tisa hali ya hewa ikitulia. Hakufika mlimani. Alifariki Novemba 2017, na Brown yuko hukohuko. Aliyeshika ahadi kwa miaka sitini na mitatu, naam, lugha yetu humwita mwungwana, na kuna wakati mimi huona neno hilo ni zito kuliko shujaa.

Lakini neno lenyewe lina kovu, na sisi wa pwani tusijifanye hatulioni. Mwungwana alikuwa yule asiye mtumwa. Uungwana ulipimwa kwa ukoo kabla ya kupimwa kwa tabia, na wapo wazee katika miji yetu waliokufa bila kupewa jina hilo, ingawa tabia walikuwa nayo. Nikimwita Hudner mwungwana na kunyamaza kuhusu Brown, mwana wa watu weusi wa jimbo lililokuwa la watumwa, nitakuwa nimeurudisha ubaguzi kwa mlango wa uani, tena kwa Kiswahili sanifu. Mkono uliozuiliwa katika chumba cha mavazi ulikuwa wa uungwana kuliko wote. Nikamwambia Maalim hivyo. Akafikiri, akavuta kikohozi, akasema, "Basi waite wote wawili, au usimwite yeyote." Nimewaita wote wawili.

Marekani imewapa wote majina ya manowari. Ya Brown ilianza kazi mwaka 1973, ikastaafu mwaka 1994, ikapelekwa Misri na kupewa jina jingine. Ya Hudner ilianza mwaka 2018 na bado inafanya kazi. Nilijaribu kuitumia habari hiyo katika ubeti, ikawa kejeli rahisi mno, nikaifuta. Huenda mmoja wenu akaiweza.

Nimeandika upya beti thelathini na moja. Kazi ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani, kwa sababu "akam-" ni mizani tatu tamu sana za kuanzia mshororo na mkono wangu umeuzoea. Kila nilipokwama nilijiuliza Jesse anafanya nini wakati huo, na mara nyingi jibu lilikuwa kwamba anangoja, na nikalazimika kujifunza kuandika kungoja kama tendo. Ubeti wa kupunga mkono niliuandika mara tisa. Hivi ndivyo ulivyo sasa:

Baridi kali ja meno,
Jesse kapunga mkono,
Bila yowe, bila neno,
Akakaa, katulia.

Nilimsomea Maalim kwa simu Jumapili iliyopita. Nikasikia kidole kikigonga meza upande wa pili, kisha kimya, kisha akaniuliza jina Jesse nimelihesabu mizani ngapi. Nikamwambia mbili. Akagonga tena tangu mwanzo, akasema, "Haya, umepatia. Endelea na wa pili yake."